Nipe Mji

Mimi na kaka yangu tulikuwa na mchezo wetu wa barabarani. Kila likizo tulitumwa kuuza ndizi na mahindi ya kuchoma kando ya barabara kuu iendayo mpakani Kabanga, na wateja wakiwa wachache tulisoma namba za magari. Mtoto wa Mugoma akiwa kijijini hana magari mengi ya kusoma. Kwetu kulikuwa na pikipiki, gari la halmashauri lenye SM, na mara mojamoja Land Cruiser ya mradi yenye DFP, ambayo ikipita kila mtu anajua kuna semina au kuna kisima kinachimbwa. Barabara kuu ndiyo ilikuwa maktaba yetu. Huko yalipita malori ya Dar es Salaam yakienda Bujumbura, yamefunikwa maturubai, namba zake zimejaa vumbi, na sisi kazi yetu ilikuwa kuzisoma kabla hayajaishia kwenye kona.

Sheria ya mchezo ilikuwa rahisi. Namba ya gari la Tanzania ina herufi T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Zile herufi tatu za mwisho tulizigeuza kuwa sentensi. BKM: Babu Kala Maharage. Kaka yangu akijibu: Bibi Kamfuata Mganga. Aliyechekesha zaidi alishinda, na mshindi alikula hindi moja ambalo tulimwambia mama limeungua.

Nimeufikiria mchezo ule mara nyingi tangu nilipokua mtu mzima, na sasa naona kwa nini haukuwa na dhambi. Zile herufi hazikuwa na maana. Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaamua kwamba lori hili liitwe BKM. Lilikuja baada ya BKL, na nyuma yake lilifuata BKN, kama watu kwenye foleni ya maji. Tulikuwa tunatia maana mahali pasipo na maana, na hapakuwa na mtu wa kuumia.

Hata hivyo binadamu hawezi kuiacha herufi ikae bila kazi. Angalia matangazo ya kuuza magari mjini leo: "IST namba D, haijapigwa rangi." Namba D maana yake ni kwamba gari limesajiliwa nchini wakati herufi za mwisho zilikuwa zinaanza na D, basi. Gari lenyewe linaweza kuwa limetengenezwa Japani miaka kumi kabla ya hapo. Lakini mwenye namba E anamtazama mwenye namba B kama mwenye viatu vipya anavyomtazama mwenye malapa. Foleni ya usajili imegeuka kuwa ngazi ya heshima. Serikali ilitoa herufi ili gari litambulike likigonga mtu au likiibwa, na sisi tukazisoma kama cheo.

Gari ninalotaka kulieleza lilikuja mwaka 2012. Nilikuwa sekondari. Lilikuwa Toyota ya kawaida ya rangi ya fedha, mali ya mfanyabiashara wa mazao aliyekuwa akinunua maharage na kahawa huku kwetu. Mzee huyo alikuwa na ghala na mizani yake, na akipita alisalimia kila mtu. Siku moja alirudi kutoka Mwanza, na kwenye kile kibao cha njano hapakuwa na T wala tarakimu. Palikuwa na neno moja: IWACU.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Sheria inamruhusu mwenye gari kulipia namba binafsi, yaani kuandikiwa neno au jina analolitaka badala ya namba ya foleni. Si jambo la mtu wa kawaida. Hadi bajeti ya 2016/17 ada yake ilikuwa shilingi milioni 5 kwa kila miaka 3, na bajeti hiyo ikaipandisha hadi milioni 10. Jijini Dar es Salaam utaona majina ya watoto, majina ya kampuni, majina ya utani. Huku kwetu lilikuwa jambo la kusimamisha baiskeli.

Na neno lenyewe: "iwacu", c ikitamkwa kama ch. Kwa Kirundi na Kinyarwanda ni "kwetu", nyumbani kwetu. Kihangaza, lugha yetu ya Ngara, ni ndugu wa damu wa Kirundi, na hakuna mtu Mugoma aliyehitaji mkalimani. Kila mtu alilisoma akalielewa. Na hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa sababu neno "kwetu" unaweza kulielewa kabisa na bado usijue linasema nini. Kwetu kwa nani? Kwetu wapi?

Kaka yangu, alipoliona mara ya kwanza, alitikisa kichwa. "Hii hatuchezi," alisema. "Hii ina mwenyewe." Nafikiri alikuwa amegusa jambo ambalo walimu wa falsafa wangelihitaji somo zima kulieleza. Namba ya foleni haina msemaji. Neno lililolipiwa lina msemaji, na pakiwa na msemaji, kukisia maana hakuwi mchezo wa mtu mmoja tena. Kuna mtu upande wa pili.

Lakini tulicheza. Kijiji kizima kilicheza. Kwenye kibanda cha kahawa watu walisema amejenga nyumba mpya mahali na ndiyo anaiita kwetu. Wengine walisema ni mbinu ya kibiashara, ili wakulima wamwone ni mwenzao na wasibishane naye bei. Wengine walisema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba mtu aliye nyumbani hana haja ya kuandika "kwetu" kwenye gari. Anayeandika ni aliye mbali na kwao.

Dhana hiyo ya tatu ilikuwa ya hatari, na ili uone hatari yake inabidi ujue Ngara ni mahali gani. Mpaka wetu na Burundi ulichorwa na watu wasiowahi kula ugali wetu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Ubelgiji ziligawana ardhi iliyokuwa ya Wajerumani: Rwanda na Urundi zikaenda kwa Wabelgiji, Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, na Bugufi, ambayo watawala wake walikuwa na uhusiano na ufalme wa Burundi, ikabaki upande wa Waingereza. Ndugu waliamka wakiwa raia wa mamlaka mbili. Baadaye wakaja wakimbizi, wimbi baada ya wimbi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Kambi ya Lukole ilihifadhi Warundi kwa miaka mingi. Mtu aliyekulia Ngara amekua akijua kwamba jirani yake anaweza kuwa mwenyeji wa vizazi saba au mgeni wa miaka saba, na kwamba kwa sura na kwa lugha huwezi kuwatenganisha.

Mwezi Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na kibali wiki mbili kuondoka. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka au waliondolewa. Ujambazi ulikuwapo kweli. Mabasi ya njia ya Biharamulo na Nyakanazi kwa miaka mingi yalikuwa yakisindikizwa na polisi wenye bunduki, na watu walikuwa wamechoka kuogopa. Lakini miongoni mwa walioondoka walikuwamo waliokaa miongo kadhaa, wenye wake na watoto waliozaliwa huku. Kujua nani ni nani kulihitaji ushahidi, na ushahidi wa kijijini mara nyingi ni kauli ya jirani.

Katika miezi hiyo kila mtu aligeuka msomaji. Watu walisoma pua. Walisoma namna mtu anavyotamka r. Walisoma majina. Na majina ya kwetu yanasomeka, kwa sababu ni sentensi kamili. Nduwimana: mimi ni wa Mungu. Nzeyimana: ninamwamini Mungu. Bigirimana: hutendwa na Mungu. Mzazi anapompa mtoto jina la namna hii anasema jambo, pengine kwa Mungu, pengine kwa jirani aliyemcheka alipokuwa hana mtoto. Mtoto anabeba ujumbe ambao hakuuandika, kama gari linavyobeba kibao. Mwaka 2013 jina lililokuwa shukrani ya mama likasomwa kama anwani.

Na lile gari la rangi ya fedha likasomwa tena. Ile dhana ya tatu haikusemwa kwa sauti ya chini tena. "Amejitaja mwenyewe," watu walisema. "Ameandika kwenye gari."

Ningependa kuandika kwamba mimi sikuwamo. Nilikuwamo. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijua kuchekesha watu, nimezoezwa na mchezo wa barabarani. Pale kwenye kibanda cha kahawa nilitengeneza sentensi kutokana na herufi za IWACU, herufi tano, maneno matano, na maana yake ilikuwa kwamba mwenye gari anajiandaa kurudi alikotoka. Watu walicheka sana. Sitaiandika hapa. Wiki moja baadaye niliisikia kwa mtu ambaye sikumfahamu, kwenye mnada, akiisimulia kama habari.

Hakuna aliyemfukuza mzee yule. Hakuondolewa na mtu yeyote. Kilichotokea ni kidogo kuliko hicho, na ndiyo maana ni rahisi kukisahau. Wakulima kadhaa walipeleka maharage yao kwa mnunuzi mwingine, kwa sababu nani ampe mzigo kwa mkopo mtu ambaye kesho huenda hayupo? Watu walipunguza kumtembelea. Aliendelea kusalimia kila mtu, na watu waliitikia wakiwa wanatazama pembeni. Miaka mitatu ya kibao ilipoisha hakulipia tena. Gari likarudi na T, tarakimu tatu na herufi tatu, na hakuna aliyelizungumzia tena.

Swali langu ni hili: tulikosea wapi? Jibu la haraka ni kwamba tulikosea kukisia. Lakini siliamini. Kukisia ndiko kuishi. Dereva anakisia kama yule mbuzi atavuka. Mganga wa zahanati anakisia homa kabla ya kipimo. Mama anakisia kilio cha mtoto mchanga, na akikataa kukisia mtoto atalala na njaa. Tena kuna ishara ambazo zimewekwa ili zikisiwe. Mwanamke wa pwani anaponunua kanga anasoma jina lake kwanza, na akiivaa iliyoandikwa "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," akapita nayo mbele ya nyumba fulani, amesema jambo. Ukimuuliza chura ni nani atakujibu kwamba yeye amevaa nguo tu. Uzuri wa kanga uko hapo: mwenyewe anabaki na njia ya kutokea, na msomaji anabaki na sehemu yake ya wajibu. Anayedai kwamba chura ni yeye, amejitaja kwa kinywa chake.

Wapo watakaosema kwamba mwenye kibao alijitakia. Alilipa mamilioni ili asomwe, basi amesomwa, analalamika nini? Kuna ukweli ndani yake. Huwezi kutundika neno barabarani kisha ukataka watu wafumbe macho. Lakini anayealika watu wasome hajawaalika wahukumu. Anayeimba harusini amekubali sauti yake isikilizwe. Hajakubali watu waitumie kuamua kama ana haki ya kukaa kijijini.

Wengine watasema kosa lilikuwa majivuno yake, kwamba angebaki na namba ya foleni kama wengine yasingemkuta. Majivuno ya vibao yapo, na kwingineko yamefika mbali. Huko Dubai, Aprili 2023, kibao chenye P 7 peke yake kiliuzwa kwenye mnada wa hisani kwa dirhamu milioni 55. Lakini kibao kama hicho hakina fumbo. Hakuna anayekaa kibarazani kukisia P 7 maana yake nini; maana yake ni bei yake. Mzee wetu alifanya jambo gumu zaidi na la kumweka wazi zaidi. Aliandika neno ambalo kila mtu anaweza kusema ni lake.

Jibu nililolipata baadaye lilitoka kwenye mchezo mwingine wa utotoni. Jioni, kabla ya chakula, tulitegana vitendawili kama watoto wote wa nchi hii. "Kitendawili!" "Tega!" Anayetega anatega, wengine wanajaribu. Wakishindwa, mtegaji anasema: "Nipeni mji." Wanampa mji: Bukoba, Mwanza, Bujumbura. Akiukataa wanampa mwingine. Akiupokea, anajipamba kidogo na safari yake ya kwenda huko, kisha anatoa jibu.

Nilikuwa nikidhani kile kipande cha mji ni pambo la mchezo. Sasa naona ndicho mchezo wenyewe. Kinasema mambo matatu. Kwanza, kitendawili kinaanza pale mtu mwenyewe anaposema "kitendawili," na wengine wakakubali "tega." Pili, jibu liko kwa mtegaji. Unaweza kukisia upendavyo, unaweza hata kukisia jambo zuri kuliko jibu, lakini huwezi kulitangaza jibu kabla yake. Tatu, anayeshindwa analipa. Kukisia vibaya kuna gharama, na gharama inamwangukia mkisiaji, haimwangukii aliyetega.

Sisi tulivunja zote tatu. Tulikisia, hatukumrudia mwenye neno kumwuliza, na tuliposhindwa yeye ndiye aliyelipa. Alipoteza wateja na wageni wa jioni, na karibu apoteze mji wenyewe. Kisha tukaenda kulala.

Kwa waliosomwa majina na pua zao ni vibaya zaidi, kwa sababu wao hawakusema "kitendawili" hata mara moja. Hakuna aliyechagua r yake. Kumsoma mtu kwa kitu ambacho hakukiandika ni kumtungia kitendawili kisha kumwadhibu kwa jibu. Mwenye gari walau alikuwa na msemo wake, hata kama hatukuusikiliza.

Siamini kwamba dawa ni kuacha kusoma ishara za watu. Dunia ambayo hakuna mtu anayeshangaa kuhusu neno lililo mgongoni mwa mwenzake ingekuwa dunia ya foleni tupu. Ninachokiamini ni kidogo, na kinatekelezeka: dhana ibaki na alama ya kuuliza hadi mwenyewe aiondoe, mzaha usipite mlango ambao mwenye kutaniwa hawezi kuingia na kujibu, na pale ambapo dhana yangu inaweza kumgharimu mtu mkate wake au kiwanja chake, nimwendee nimwulize, au ninyamaze.

Mwaka jana nilirudi Mugoma kwa msiba. Nilimkuta amekaa nje ya ghala, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, mizani ileile nyuma yake. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," akauliza habari za mjini. Tulipomaliza kahawa nilimwuliza, miaka kumi na zaidi imepita, lile neno kwenye gari lake lilikuwa na maana gani.

Alicheka. Alisema alikuwa amenunua kiwanja karibu na barabara kuu, anataka kujenga nyumba ya wageni ya madereva wa malori, yenye chakula cha kwetu na mahali salama pa kuegesha usiku. Iwacu ndilo lingekuwa jina lake. Alitaka watu walizoee jina kabla jengo halijaisha, ndiyo maana akaliweka kwenye gari linalozunguka kila mahali. Kisha biashara ikayumba, fedha zikakata, kiwanja akakiuza.

Kwenye kile kibanda hakuna hata mmoja aliyekuwa amekisia hivyo.

"Na nyinyi mlidhani nini?" aliniuliza.

Nilimwambia kwamba wengine walidhani amejenga nyumba. Nilimwambia kwamba wengine walidhani ni mbinu ya kupata bei nzuri kwa wakulima. Akacheka tena, akasema hiyo ya pili haikuwa mbaya. Akasubiri kidogo, kama anayejua kwamba bado kuna nyingine. Kikombe changu kilikuwa kimekwisha. Nilimwomba kahawa nyingine, na ile ya tatu sikuitaja.